Nakala ya Nyumbani

Alhamisi, saa tisa alasiri. Zimebaki saa arobaini na tatu.

Chumba cha nyuma cha duka la mafundi wa majokofu kilikuwa na dirisha moja, na hilo moja lilizibwa na mlango wa jokofu. Nondo alipenda hivyo. Aliketi juu ya kompresa iliyokufa, mikono magotini, akimtazama mdogo wake akibandika karatasi ukutani.

"Eleza polepole," alisema. "Breki hakusoma."

"Nilisoma," Breki alijibu. "Niliacha."

Afande hakucheka. Kwa miaka sita alilinda jengo hilo walilopanga kuliibia, kabla hawajamfukuza, na tangu siku hiyo kucheka kulimtoka.

Dada mtu walimwita Wingu. Jina lilitokana na kazi yake. Kwa miezi kumi na moja alikuwa ameajiriwa na kampuni yenye hospitali kumi na nne awapangie kompyuta zao: kipi kibaki kwenye mitambo yao wenyewe, chini ya makao makuu, na kipi kihamie kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, zile ambazo watu huziita wingu. Mpango mseto. Kurasa mia moja na arobaini. Wakurugenzi waliupigia makofi.

Sasa alikuwa anaueleza kwa majambazi watatu, kwa kalamu nyekundu.

"Hapa nyumbani. Hapa wingu." Alichora visanduku viwili. "Mgonjwa aliyelazwa leo, dozi zake, kundi lake la damu, dawa zinazomdhuru, vinabaki nyumbani. Daktari akibonyeza anapata papo hapo, hata waya wa nje ukikatika. Picha za eksirei na mafaili ya miaka kumi nyuma, hayo yanahama."

"Yanahamaje?" Nondo aliuliza.

"Kwa waya ingechukua miezi minne. Kwa hiyo yanahama kwa gari."

Breki akainua uso. Hapo ndipo alipoanza kuelewa lugha.

"Ni sanduku la chuma," Wingu aliendelea. "Kimo cha jokofu dogo, lina magurudumu. Ndani kuna diski. Kila kitu kimo, mafaili ya zamani na nakala ya yale ya nyumbani, mpaka yaliyoingia Ijumaa jioni. Jumamosi saa nne asubuhi wasafirishaji wanakuja kulichukua. Watu wawili, sare za kijivu. Nimeshawaandikia kwamba muda umesogezwa. Watafika saa tano."

"Na saa nne tunafika sisi."

"Saa nne mnafika nyinyi. Mimi nasaini, Mzee wa Mitambo, yule msimamizi wa chumba cha kompyuta, anasaini, mnaondoka. Hakuna bunduki. Saa tano wanakuja wenye kazi, mimi naangua kilio kama mjane."

"Hujawahi kujua kulia," Nondo alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu.

Mnunuzi alikuwa ameshapatikana. Kampuni moja ya bima ilitaka kujua nani anaumwa nini kabla ya kumkubali mteja. Wingu alikuwa amelipima jambo hilo usiku na mchana. Watu watanyimwa bima. Ni uovu, ndiyo, lakini hakuna atakayekufa. Alijiambia hivyo kila asubuhi akipiga mswaki.

Kukataa hakukuwezekana. Wazazi wao walifariki yeye akiwa na miaka saba na Nondo kumi na sita. Nondo ndiye aliyemsuka nywele, vibaya, akampeleka shule na misuko iliyopinda. Alipokuwa mwaka wa pili chuoni, kaka yake alifungwa miaka minne na hakumtaja mwenzake hata mmoja. Alipotoka hakudai chochote. Mpaka mwaka huu. "Safari hii tu, mdogo wangu," alimwambia, na macho yake yakaenda pembeni, kama mtu anayeona aibu kuomba.

Afande alisogea karibu na mchoro. "Kile chumba cha mitambo, moto ukitokea?"

"Kuna mitungi ya gesi. Gesi ikitoka inafukuza hewa, moto unakufa."

"Na mtu je?"

"Akibaki ndani, naye pia. Ndiyo maana king'ora hulia kwanza."

"Vali yake iko wapi?"

"Koridoni, kulia kwa mlango. Ya nini?"

"Nimepita pale miaka sita," Afande alisema. "Sikuwahi kujua."

Wingu akaiweka vali kwenye mchoro kwa alama ya msalaba. Mkono wake ulizoea kuchora kila kitu.


Jumamosi, saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Imebaki saa moja na dakika ishirini.

Chumba cha mitambo kilikuwa baridi kama machinjioni. Safu sita za makabati meusi, taa ndogo za kijani, mngurumo usiokoma. Mzee wa Mitambo alikuwa amevaa sweta mbili na alikuwa akilaumu, jambo lililoonyesha kwamba yu mzima.

"Kwa hiyo leo unanikata nusu ya mwili," alisema.

"Nusu ya juu inabaki, Mzee."

"Ya juu ndiyo inayouma."

Alimeza kidonge chake cha moyo bila maji. Alikuwa na miaka ishirini na sita mle ndani. Mpango wa Wingu ulipoanza, ulitaka kila kitu kihamie kwenye wingu. Mzee ndiye aliyekataa. Aligombana naye wiki tatu, akamletea muuguzi aliyewahi kukaa saa tano na mgonjwa anayetokwa damu huku waya wa nje umekatika. Wingu akabadilisha ukurasa wa tisa, halafu wa kumi, halafu mpango mzima. Ile nusu ya nyumbani ilikuwa ya yule mzee.

"Ulinisumbua sana," Wingu alisema.

"Ukanisikiliza. Wenzako huwa hawasikii, binti. Wanachora tu." Akampa bisibisi. "Kaza hiyo. Mikono yangu inatetemeka."

Alikaza. Kisha, mzee alipogeuka, alifungua kifuniko kidogo chini ya sanduku la chuma, akatoa kile kifaa kinachoonyesha lilipo, akakidondosha mfukoni. Mikono yake haikutetemeka. Hilo lilimkera zaidi kuliko kama ingetetemeka.


Saa nne kamili.

Gari la kijivu liliingia uani kinyumenyume. Breki kwenye usukani, mdomoni kijiti cha meno. Nondo alishuka na karatasi ubaoni, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Afande alishuka na barakoa usoni na toroli lenye turubai lililokunjwa. Mlinzi wa getini aliangalia sare, akaangalia karatasi, akamwangalia Wingu. Wingu akaitikia kwa kichwa. Ikatosha.

"Nipe kadi ya mlango, dada," Afande alisema kwa sauti ya chini. "Nikalilete sanduku."

Alimpa.

Sanduku lilipanda kwa lifti dakika sita baadaye, Afande akilisukuma. Mzee alilifuata kama mtu anayesindikiza jeneza. Alikagua lakiri, akasaini. Wingu akasaini chini yake. Jina la uongo la Nondo likaja la tatu, kwa mwandiko mzuri. Gerezani alipata muda wa kujifunza.

"Mzee, kapate chai," Wingu alisema. Nondo alikuwa amemwagiza hivyo: wakishamaliza, amwondoe mzee njiani.

"Nitakunywa chai gani na tumbo hili," mzee alinung'unika, lakini akaelekea kwenye ngazi.

Sanduku likaingia garini. Milango ikafungwa. Wingu akashusha pumzi.

Afande hakuwepo tena. Wala toroli halikuwepo.


Saa nne na dakika kumi na moja.

"Ingia garini," Nondo alisema.

"Hatukupanga hivyo. Mimi nabaki."

"Nimepanga upya. Ingia."

"Afande yuko wapi?"

Nondo alitazama saa yake. Alikuwa na uso wa siku zile za kumsuka nywele, uso wa mtu anayefanya jambo asilolijua vizuri na hataki kuulizwa. "Bima hawalipi kitu," alisema. "Hospitali ndio watalipa. Watalipa chochote tutakachotaja, kama nakala iko kwetu peke yetu. Wewe mwenyewe ulichora. Visanduku viwili. Mtu mwenye viwili huwezi kumbana."

Wingu alielewa kipande kwa kipande. Toroli. Turubai. Kilichokuwa chini ya turubai. Ile alama ya msalaba.

"Amefunga vali," alisema.

"Ni mashine tu. Hakuna mtu mle. Umeshamtoa mzee."

"Kaka, kuna watu wodini. Wodi za hospitali kumi na nne."

"Watarudishiwa wakilipa. Siku mbili, tatu."

"Mtu haongezwi damu ya kubahatisha siku mbili."

Nondo akamshika mkono. Hakumbana, alimshika kama alivyokuwa akimshika wakivuka barabara. "Mdogo wangu. Ingia."

Juu ya bega lake Wingu aliona ngazi. Aliona mlango wa kantini uko wazi na kantini ni tupu. Mzee hakuwa akinywa chai. Mzee alikuwa ameshuka kwa ngazi za nyuma kwenda kuangalia mashine zake, kama baba anayerudi kuchungulia watoto waliolala.

Akauchomoa mkono, akakimbia.


Saa nne na dakika kumi na nne.

Harufu ya petroli ilimpokea kwenye ngazi. Korido ilikuwa na moshi mpaka kifuani. Afande alikuwa mlangoni, barakoa imeshuka, akipiga kioo kwa mtungi mdogo wa kuzimia moto.

"Kuna mtu!" alisema. "Nondo aliniambia hakuna mtu. Mzee kaingilia mlango wa nyuma, nimemsikia anakohoa."

"Kadi iko wapi?"

"Nimeidondosha ndani. Na mlango wa nyuma unataka kadi hiyo hiyo."

Kulia kwa mlango, gurudumu la vali lilikuwa limefungwa kabisa, limekazwa kwa waya. Wingu aliweka mkono juu yake. Akilifungua sasa, gesi itatoka, moto utakufa, safu tano kati ya sita zitapona. Wodi zote zitapona. Na mzee atavuta pumzi mbili tatu zisizo na hewa, basi.

Alisimama pale muda ambao baadaye, akihojiwa, alishindwa kuukadiria. Huenda ni sekunde nne.

Kisha akauondoa mkono kwenye vali. "Vunja," alimwambia Afande. "Vunja."

Kioo kiliachia pigo la tano. Afande alipitisha mkono, akafungua kwa ndani, akapiga ukelele kwani kitasa kilikuwa cha moto. Waliingia wakitambaa. Safu ya kwanza ilikuwa inawaka na ya pili ilikuwa inadondosha plastiki. Mzee alikuwa sakafuni katikati, sweta moja mkononi, akijaribu kuifunika mashine kama mtu anayemfunika mgonjwa. Walimvuta kwa miguu hadi koridoni.

Wingu akaung'oa waya uliokaza vali; ulimchana mkono, lakini vali ilifunguka. Gesi ilipiga mluzi mrefu. Moto ulikufa. Taa za kijani zilikuwa zimeshakufa, safu baada ya safu, mpaka ya sita.


Saa nne na dakika thelathini na tano.

Uani, gari la kijivu halikuwepo. Afande alikuwa ameketi kwenye ngazi, viganja vimegeuzwa juu, ngozi imekunjamana. Mlinzi wa getini alimwinamia.

"Afande? Ni wewe?"

"Ni mimi," alisema. Hakujaribu kuondoka.

Mzee alilazwa chini na kifaa cha hewa usoni. Aliivuta chini ile plastiki ili aseme. "Gesi haikutoka. Niliipima Jumatano. Nani kafunga vali?"

Wingu alikuwa amepiga magoti kando yake. Angeweza kusema hajui. Kila mtu pale uani alimwona kama mwanamke aliyeingia motoni kumtoa mzee. Mmoja alikuwa amemfunika bega kwa koti.

"Sisi," alisema. "Ni sisi, Mzee."

Mzee alimtazama kitambo. Halafu akageuza uso, akautazama ukuta, na hakusema naye tena.


Saa sita na dakika tano mchana.

Hospitali ilikuwa moja ya zile kumi na nne. Inspekta wa polisi, mwanamke mwenye daftari na viatu vilivyopasuka pembeni, alikuja kwenye gari moja nao kwa sababu Wingu alikuwa shahidi. Alikuwa amemuuliza maswali manne tu. Alikuwa anasubiri.

Muuguzi alisimama mbele ya kompyuta, kando ya kitanda cha Mzee, akibonyeza kitufe kile kile. Kiduara kidogo kilizunguka kwenye skrini, kikazunguka.

"Anatumia dawa gani?" aliuliza. "Ya kuyeyusha damu imo?"

"Kidonge cheupe," Wingu alisema. "Kidogo. Asubuhi."

"Vidonge vyeupe viko mia. Nikimpa hii sindano naye anatumia ile nyingine, namuua. Nisipompa, moyo wenyewe utamuua. Faili lake liko wapi?"

Kitanda cha pili mama mmoja alikuwa akieleza kwa mara ya tatu dawa iliyomvimbisha mtoto wake koo, na msaidizi alikuwa anaiandika kwenye kiganja. Kutoka wodini sauti iliuliza kundi la damu la mgonjwa wa kitanda cha nane. Sauti nyingine ikasema iliongezwa jana, iko kwenye mashine. Sauti ya kwanza ikasema mashine gani.

Wingu alijua hesabu yote, aliiandika mwenyewe kwenye ukurasa wa themanini na kitu. Sanduku likirudi leo, wodi zitaanza kuona mafaili kesho kutwa. Lisiporudi, hazitayaona kamwe. Kwa mzee aliyelala pale haingesaidia. Kwa kitanda cha nane huenda. Kwa yule mtoto, pengine.

Simu ilitetemeka kiunoni. Alitoka hadi kwenye korido. Inspekta akamfuata kwa hatua tatu, akasimama.

"Uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Nondo.

"Hospitali."

"Umeumia?"

"Mkono kidogo."

Alisikia Breki nyuma akisema, tuondoke, kaka, tumekawia, huyo katuuza. Alisikia Nondo akimwambia afunge mdomo.

"Niko pale nilipokuonyesha," Nondo alisema. "Nyuma ya kiwanda cha magodoro. Breki anataka kuondoka. Nimemwambia bila wewe sitoki. Nakusubiri mpaka saa nane. Utaweza kuchomoka?"

"Mzee hawezi kupumua, kaka."

"Sikujua yumo."

"Najua hukujua. Rudisha sanduku."

"Haiwezekani sasa. Unajua haiwezekani." Kisha, polepole, "Unakuja au huji?"

Wingu aliangalia kiganja chake kilichofungwa bandeji. Kupitia mlango alimwona muuguzi akijaza sindano, akisita, akiiweka chini.

"Nakuja," alisema. "Nisubiri."

Alikata simu. Aligeuka kwa inspekta, akaanza kusema, na alisema mfululizo bila kupunguza chochote, jina la kaka yake alilopewa na mama yao, namba ya gari, geti la nyuma lisilofungwa, idadi ya watu. Inspekta aliandika. Katikati alisimamisha kalamu.

"Na wewe ulikuwa nani katika haya?"

"Mchoraji," Wingu alisema.

Inspekta alimfunga pingu mkono ule usio na bandeji.


Saa saba na dakika hamsini.

Walimpeleka kwa gari la polisi lililofuata nyuma ya mengine, ili alitambue sanduku. Alipofika yalikuwa yamekwisha. Breki alikuwa amejaribu kutoka na gari peke yake aliposikia injini za polisi, wakampiga risasi getini. Gari la kijivu lilikuwa limeegemea ukuta, honi inalia bila mtu wa kuizima, na damu ilikuwa imepita chini ya mlango hadi kwenye vumbi la sponji lililojaa ua ule.

Sanduku lilikuwa nje, juu ya mbao. Lakiri haijaguswa. Nondo alikuwa ameliteremsha kabla Breki hajaondoka, au Breki alikuwa amemwacha nalo. Hakuna aliyejua.

"Hili ndilo?" inspekta aliuliza.

"Ndilo."

Redio ya gari ilikwaruza. Sauti ya kiume ikasema mzee wa hospitali amefariki, saa saba na nusu. Inspekta aliipunguza, akatazama dirishani.

Nondo alikuwa amelazwa kifudifudi, askari wawili juu yake. Askari mmoja alikuwa akimsimulia inspekta kana kwamba anasimulia kioja: walimkuta ameketi mlangoni kwenye ndoo iliyopinduliwa, anaangalia barabara. Nafasi ya kutorokea ukuta wa nyuma alikuwa nayo. Hakutoka. Alisema anamsubiri mtu.

Walimwinua. Alikuwa na vumbi la sponji kwenye nyusi. Akaliona gari, akamwona Wingu ndani yake, akaona pingu mkononi mwake. Uso wake ukabadilika, na Wingu akajiandaa kwa tusi, kwa mate, kwa lolote ambalo lingemfaa.

"Mwacheni huyo," Nondo alimwambia inspekta. Alisema kwa adabu, kama mtu anayeomba kupishwa njia. "Hahusiki. Nilimlazimisha. Hakujua chochote, mimi ndiye nimefanya yote. Andika hivyo, mama. Mfungue, ana jeraha mkononi."

Inspekta hakuandika. Alimtazama Wingu, akisubiri aseme.

Wingu alifungua mdomo. Honi ilikuwa bado inalia. Nondo, wakimsukuma kuelekea gari jingine, aligeuza shingo kadiri alivyoweza kumtazama mdogo wake, akamtikisia kichwa kwa ukali kidogo, kumwonya asiseme neno litakalomponza.